Chora ulikotoka, tena na tena

Kama umehamia ugenini na unataka kujifunza kuchora bila kupita chuoni, chagua mahali pamoja unapopajua vizuri, kisha upachore mpaka mkono upazoee. Usichore leo simba, kesho maua, keshokutwa sura ya mwanamuziki. Ushauri huu nimeupata kwa mzee wa Kikurdi, jirani yetu hapa Nashville, Tennessee. Sote tunamwita Mamosta, yaani mwalimu, ingawa hajawahi kukaa darasa la sanaa hata siku moja.

Nashville inajulikana kwa Wakurdi wake. Ukipita barabara ya Nolensville utaona maduka yao, mikate yao, msikiti wao. Mamosta aliletwa na safari ile ya mwaka 1996, Marekani ilipowaondoa maelfu ya Wakurdi kaskazini mwa Iraki na kuwapitisha kisiwa cha Guam. Mwaka huohuo, kule Kigoma, ilifunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako mimi nimekulia baada ya wazazi wangu kukimbia Kivu. Nadhani ndiyo maana tulielewana upesi.

Yeye huchora Amadiya, mji wa kale uliokaa juu ya mwamba bapa, milima ikiuzunguka pande zote. Kijiji chake kilikuwa jirani na hapo. Kilibomolewa mwaka 1988 katika kampeni ya Anfal, jeshi la Saddam Hussein lilipoangamiza maelfu ya vijiji vya Wakurdi. Kwao haikusalia picha hata moja. Kwa hiyo simu huwekwa mbali, anashika penseli na kuchora anachokumbuka: mlango ulitazama wapi, kivuli cha mlima kilianguka upande gani jioni. Akimaliza ndipo anatafuta picha za Amadiya mtandaoni, na hata hapo hasahihishi kila kitu. Nawe fanya hivyo. Ukianza na picha ya mtandaoni utanakili alichokiona mpiga picha, naye huenda alipita pale siku moja tu.

Sasa rangi, maana hapa ndipo wanaojifunza wenyewe hupoteza fedha nyingi. Wananunua boksi la tyubu kibao, kijani cha aina nne, kahawia ya aina tatu, na picha inatoka kama tangazo la dukani. Mamosta ana tyubu tano: altramarini (bluu nzito), siena iliyochomwa (kahawia inayoelekea wekundu), oka ya manjano (manjano ya udongo), nyekundu na nyeupe. Nyeusi hanunui. Alinionyesha sababu kwenye kipande cha kioo anachochanganyia rangi. Aliweka tone la altramarini, tone la siena iliyochomwa, akavichanganya kwa kisu mpaka vikawa giza zito linalokaribia weusi. Akaongeza nyeupe kidogo: kijivu cha jiwe. Siena kidogo zaidi, jiwe likapigwa na jua. Altramarini kidogo zaidi, jiwe lilelile likaingia kivulini. Mlima mzima unatoka kwenye hizo tyubu tatu. Kijani cha machipuko anakipata kwa altramarini na oka ya manjano. Hakimeremeti, na hivyo ndivyo nyasi za mlimani zilivyo.

Niliporudi nyumbani nilijaribu kuchora vumbi la barabara ya Nyarugusu. Siena iliyochomwa peke yake haikuwa nyekundu vya kutosha. Nilitia nyekundu, nikapooza kwa oka, na kwa sehemu za mbali nikaongeza nyeupe na chembe ya altramarini, kwa sababu kitu kilicho mbali hufifia na kuelekea bluu. Mama yangu alipoiona ile picha aliuliza hiyo barabara inaelekea bomba gani la maji. Nilifurahi sana.

Jambo jingine nililolipata kwake ni moto. Wakurdi husherehekea Newroz, mwaka wao mpya, mwezi Machi kwa kuwasha moto, na mjini Akre, kaskazini mwa Iraki, watu hupanda mlima usiku na mienge. Wengi wetu tungechora moto kwa nyekundu tupu. Mamosta huacha katikati karibu nyeupe, kisha manjano, nyekundu anaiweka pembeni kidogo tu. Kinachoufanya uwake ni usiku unaouzunguka, bluu nzito kabisa. Ukiona picha yako haina mwanga, angalia kwanza giza lako kama linatosha.

Vifaa visikusumbue. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Mimi pia natumia hadibodi: piga msasa, paka rangi ya msingi mara mbili, ikauke. Kama unaishi fleti ndogo na watoto, anza na rangi za akriliki. Huoshwa kwa maji kabla hazijakauka, na hazina harufu ya tapentaini. Ukihamia rangi za mafuta, tafadhali sana, kitambaa chenye mafuta ya kitani, yale yanayochanganywa na rangi hizo, usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke majini ndani ya kopo la bati lenye kifuniko.

Utakapoanza kuonyesha kazi, watu watakuomba mahema, waya na mama anayelia. Wanakujua kwa ukimbizi wako, basi hicho ndicho wanachotaka kununua. Mamosta ana picha moja tu ya mwaka 1988, na haiuzi. Zilizobaki ni milima, mikomamanga, wanawake waliovaa nguo za kung'aa za sherehe. Nakubaliana naye kabisa. Msiba wako uuchore ukiwa tayari wewe, wala usikubali upangiwe tarehe na mwenye ukumbi.

Na bei isikuaibishe. Zidisha urefu kwa upana, weka kiwango kimoja kwa kila inchi ya mraba, ongeza gharama ya fremu, na umtajie kila mteja bei hiyohiyo. Ndugu akiipenda picha na hana uwezo, mpe zawadi. Usimpunguzie, maana kesho yake mteja mwingine atakuja kudai bei ya ndugu yako.