Wazee wa mchumba wananikataa kwa sababu ya ukoo

Dada yangu wa Mikindani, nimeelewa kwamba wazee wa mchumba wako wanakataa kuleta posa kwa kuwa mama wa bibi yako alikuwa mtumwa, nawe unajiuliza kama wapo watu waliozaliwa na thamani kuliko wengine. Hawapo. Utumwa alifanyiwa, hakuzaliwa nao, na ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inatamka kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Nami huku Lindi niliwahi kubaguliwa hivyo kwa ajili ya ukoo, nikatandikiwa mkeka wangu peke yangu, karibu na mlango, na aliyenisaidia ni mshenga mtu mzima aliyezungumza na wajomba faraghani kabla ya kikao. Mchumba wako aanze yeye kusema. Akinyamaza, usiharakishe ndoa. Ukitishiwa au kupigwa, nenda dawati la jinsia la polisi.