Kupanda Cenchrus ciliaris Kajiado: mbegu kwanza

Ndugu, umeuliza kama shamba lako la Kajiado, ambako nyasi za boma Rhodes zilikauka kabla ya kutoa masuke, litafaa kwa nyasi za malisho ziitwazo Cenchrus ciliaris. Mimi ninaishi Nairobi na mifugo yangu iko upande huohuo wa Kajiado, na jibu langu ni ndiyo, mradi mbegu ipewe uangalifu ambao wengi wetu hatuipi.

Nyasi hizi ni za asili katika maeneo makavu ya Afrika, Kenya ikiwemo. Ukichimbua shina moja wakati wa kiangazi, utakuta sehemu ya chini imevimba na kuwa ngumu, na pembeni yake kuna macho madogo yanayongoja mvua. Humo ndimo mmea unamoweka akiba yake, huku mizizi ikiweza kushuka zaidi ya mita 2.

Mbegu ikishavunwa huwa bado imelala, yaani haioti vizuri hata ikipata maji, kwa hiyo inafaa ikae ghalani pakavu miezi kadhaa kabla ya kupandwa. Muuzaji mmoja aliwahi kuniuzia mbegu ya msimu uleule, na sehemu kubwa ya shamba ikabaki tupu; inaniuma kuona wafugaji wakizikataa nyasi zenyewe kwa sababu ya biashara ya namna hiyo. Uliza ilivunwa lini, kisha uoteshe mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kabla ya kulipia gunia zima.

Mbegu yenyewe imezungukwa na nywele zinazoshikana na kung'ang'ania vidole, na upepo huichukua kwa urahisi, hivyo ichanganye na mchanga mkavu ndipo uisambaze. Tengeneza mifereji midogo inayokinga mteremko ili maji yatuame, panda mvua ikikaribia, na ufunike kwa udongo kidogo tu, usiozidi sentimita 1 hivi, kwa sababu mche wake ni dhaifu na ukifukiwa sana hautokezi.

Msimu wa kwanza usiingize ng'ombe wala mbuzi mpaka nyasi zitoe mbegu na kuziangusha, hata kama jirani atakushangaa. Baadaye, ukitaka marobota ya kuuza, kata masuke yanapoanza kuchomoza, maana zikikomaa mabua huwa magumu na protini hupungua. Wateja wa Nairobi wanaofuga farasi waambie wazi kwamba ni nyasi za Cenchrus: zina oksalati, kemikali ya asili inayozuia mwili wa farasi kupata kalisi, kwa hiyo zisiwe ndizo lishe yao pekee.