Saa Iliyoandikwa Kwenye Tangazo la Anga: Kwa Wanaoanza Urubani Florida

Ndugu zangu mnaoanza mafunzo ya urubani Florida, nawasihi mjifunze mapema kusoma matangazo ya kufungwa kwa anga, maana hakuna anayebanwa nayo kama rubani wa ndege ndogo. Rais wa Marekani anaposafiri, FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, kwa kawaida hutangaza maduara mawili ya muda. La ndani lina nusukipenyo cha maili 10 za baharini, na humo ndege ndogo za kawaida haziruhusiwi kabisa. La nje ni la maili 30, na unaweza kulipita ikiwa umewasilisha mpango wa safari, umepewa tarakimu zako za transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, na unawasiliana na mwongozaji wa ndege muda wote. Lakini mafunzo hayaruhusiwi hata humo. Mwaka 2017, kila Rais Trump alipokwenda Mar-a-Lago, makazi yake ya Palm Beach, uwanja mdogo wa Lantana, ulio kusini ya hapo, ulikuwa ndani ya duara la kwanza, na shule za urubani pamoja na ndege za kuvuta mabango zilikaa bila kazi wikendi nzima.

Hata hivyo, kosa nililokaribia kulifanya mimi halikuwa la ramani, bali la saa. Nilikuwa nimepanga mazoezi ya usiku wa tarehe 14 Januari, saa mbili, na tangazo nilikuwa nimelisoma vizuri tu: anga ingefungwa tarehe 15. Mkufunzi wangu akaweka kidole juu ya zile tarakimu 10 za mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, akaniuliza, "Hii 0100 ni saa ya wapi?" Ilikuwa UTC, yaani saa moja ya kimataifa inayotumiwa na marubani wote, ambayo majira ya baridi huitangulia sehemu kubwa ya Florida kwa saa 5, kwa hiyo anga ilikuwa inafungwa usiku uleule, dakika ileile niliyotaka kuruka.

Sisi tuliokulia katika saa za Kiswahili tuna kazi ya ziada, kwa sababu kichwani tunabeba aina tatu za saa kwa pamoja. Tangu siku ile, karatasi ninayoifunga gotini huwa na mistari mitatu: UTC, saa ya Florida, na saa yetu, kila mmoja ukiwa na tarehe yake. Naijaza usiku, kisha naihakiki tena kwa simu kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa matangazo haya hubadilishwa hata siku yenyewe.