Kabla hujamlipia dogo chuo cha kijeshi Marekani, tazama pasipoti yake

Mkuu, usitume hiyo hela. Wakala kakupa mpaka Ijumaa? Ijumaa ipite. Umesema mdogo wako kamaliza kidato cha sita, anataka uofisa, na umeambiwa chuo binafsi cha kijeshi Marekani kitamtoa na digrii pamoja na nyota begani. Ukauliza Norwich ya Vermont inafaa, ada inalipwaje, na baridi ikoje. Mimi nauliza moja tu: dogo ni raia wa Marekani? Kama siye, nyota hapati.

Chuo kinatoa digrii. Kamisheni, yaani hicho cheo cha uofisa, inatolewa na jeshi la Marekani kupitia ROTC, mafunzo ya maofisa yanayoendeshwa humo vyuoni, na sharti lake ni uraia. Hata grini kadi haitoshi. Hiyo inakuingiza jeshini kama askari wa kawaida. Norwich ipo tangu 1819 na wageni inawapokea, wanavaa gwanda na kupiga kwata kama wenzao. Gwanda ndilo linalotupumbaza.

Mimi nilisoma chuo kingine cha aina hiyo. Miaka miwili ya mwanzo hakuna aliyenibagua: kwata alfajiri, darasa la sayansi ya kijeshi, kung'arisha shaba ya mkanda mpaka saa saba usiku. Kumbe miaka hiyo asiye na ufadhili wa ROTC hafungwi na mkataba. Mkataba unasainiwa mwaka wa tatu. Siku hiyo tulipanga foleni, kalamu mkononi. Sajenti akafungua pasipoti yangu, akapekua hadi kwenye viza, akaweka kidole juu ya F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni. Akaifunga taratibu, akanisogezea mezani. "Pole, kijana." Aliyekuwa nyuma yangu akapita mbele, akasaini.

Baba alikuwa ameshauza viwanja viwili vya Kibaha. Vyote, kwa sababu mwenye F-1 hapati msaada wa masomo wa serikali yao, na ufadhili wa ROTC nao ni wa raia.

Wakala wangu alijua. Alikuwa na ofisi Posta, picha za makadeti ukuta mzima, akamtoza baba dola 1,500 za "ushauri". Nilipompigia siku ile hakupokea, na hajapokea mpaka leo. Chuo nacho nilikipigia mara mbili kabla ya safari. Ofisi ya udahili ikanijibu nitafanya mafunzo "pamoja na ROTC". Neno "pamoja" ndilo lililokula viwanja vya mzee. Na asije mtu kuniambia ningesoma masharti. Nilikuwa na miaka 19, na aliyelipwa ayasome alikuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya shilingi moja kutoka: iandikie ofisi ya ROTC ya chuo hicho, siyo udahili, siyo wakala. Taja uraia wa dogo na aina ya viza, kisha uliza: mtu huyu mnaweza kumpa kamisheni? Subiri ndiyo au hapana kwa maandishi. Kama ana grini kadi, hesabu miaka yake kuelekea uraia, kwa kawaida mitano, uone inaangukia wapi. Kama ndoto yake ni kuwa ofisa wa JWTZ, njia ni JKT na Monduli, haipiti Vermont.

Wakala akikunyima anwani ya hiyo ofisi, nitafute usiku huu huu. Barua nitaiandika mimi.