Namba E, lakini lilizaliwa lini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Urambo. Natafuta gari la familia: mimi, mama watoto, watoto wawili na mama yangu mzazi. Nina milioni 14 na sitaki gari la kunifilisi kwa mafuta na spea. Hapo Tabora mjini nimeonyeshwa mawili. La kwanza ni IST cc 1290, namba E, kadi inasema 2004, kilometa 78,000, wanataka 14 kamili. La pili ni Raum cc 1490, namba D, kadi 2006, kilometa 161,000, wanataka 11 na nusu. Shemeji yangu anasema namba D imeshachoka, nijikaze nichukue namba E. Wewe unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hebu isome tena barua yako kama unavyosahihisha daftari la mwanafunzi. IST 2004. Raum 2006. Shemeji anataka uongeze milioni mbili na nusu upate gari lililozeeka zaidi.

Wiki haipiti bila mtu kuingia hapa gereji akinitajia herufi ya namba kabla hata hajazima injini. Herufi ile inaeleza jambo moja tu: gari lilisajiliwa lini Tanzania, D kabla ya E. Lilitengenezwa lini, liliendeshwa na nani, lilimwagiwa oili gani, hayo haiyajui. Hiyo IST ya umbo la kwanza Toyota waliianza 2002, na 2007 wakaleta umbo jingine. Basi. Ukiiona leo na namba E, ujue ilishazunguka zaidi ya miaka kumi na tano kabla ya kukanyaga bandari yetu, na ile miaka yote haikufutwa baharini.

Nisimnyime shemeji haki yake. Gari lililoingia juzi limekula matuta na mashimo yetu kidogo, kwa hiyo shokapu na bushi zake mara nyingi zina nafuu. Lakini hivyo ni vitu vya kubadilisha kwa siku moja. Injini na gia boksi hazijui mpaka wa nchi. Tena Japani kuna mikoa ya theluji ambako wanamwaga chumvi barabarani. Nimewahi kulala chini ya gari la namba mpya kabisa, nikagusa bomba la breki, kutu ikabanduka vidoleni kama ganda la karanga.

Halafu hizo kilometa. Aliniletea mtu gari alilotoka kulinunua, dashibodi 68,000, anachekelea. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia. Nikafungua mlango wa dereva, nikakuta kwenye fremu kistika kidogo cha Kijapani, vile wanavyobandika wakibadilisha oili. Kijapani sisomi, ila tarakimu nasoma: 121,500. Mwenye gari alinyamaza, kisha akaniuliza kama huenda kistika ni cha gari lingine.

Zako, 78,000 kwa gari la 2004, ugawanye mwenyewe: haifiki hata kilometa 4,000 kwa mwaka. Bibi wa Tokyo anayetoa gari mara moja kwa wiki kwenda sokoni yupo, sikatai, ila si kila IST iliyoko Tabora ilikuwa ya kwake. Muuzaji asiyeona haya kukuonyesha 161,000, huyo walau namsikiliza.

Kuhusu cc usikeshe. Injini zote mbili ni za ukoo mmoja, NZ, zinatumia cheni ya taimingi ndani ya injini badala ya mkanda, dumu la lita nne la oili linatosha, na spea zake zipo kila duka hapa mjini. Tofauti ya mafuta kati ya 1290 na 1490 ni ndogo, na ukishapakia watu watano na gunia la mchele, hiyo injini ndogo utaikanyaga zaidi hadi tofauti yenyewe iishe. Raum pia ina mlango wa nyuma wa kuteleza, na upande wa abiria hauna nguzo katikati. Mama atapanda bila kujikunja.

Kinachokula mafuta kuliko hizo cc 200 ni mafundi wenzangu, na hapa niwie radhi nikipandisha sauti. Mwezi wa kumi Tabora ni tanuri. Gari likichemsha mara moja, fundi anang'oa thamostati, anaitupa, anajaza maji ya bomba kwenye rejeta na kumwambia mteja: "Hiki kidude ni cha nchi za baridi." Wateja wanamwamini! Thamostati inafunga njia ya maji hadi injini ifike kama nyuzi 80, ndipo inaachia. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto wake, safari fupi za mjini inazimaliza bado baridi, kompyuta inadhani ni alfajiri na inaendelea kumwaga petroli. Mtu anakuja kwangu analalamika kwamba IST inakunywa kama lori, na tatizo lake lilishatupwa jalalani mwaka juzi. Na hayo maji matupu yanaleta kutu ndani ya rejeta na pampu. Isitoshe, huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji ya kwenye sufuria yanachemka kabla ya kufika 100. Mfuniko wa rejeta uliolegea, usioshika presha, pamoja na maji ya bomba ni safari ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi.

Kuna wengine wanaweka oili nzito ili cheni inayogonga inyamaze siku ya mauzo. Kuna wanaoizima taa ya injini kwenye dashibodi, wakikuambia wamelitengeneza. Huyo utamkamata bure: fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima itokee, kisha izime injini ikishawaka. Isipotokea kabisa, kuna mkono wa mtu.

Sasa nenda kaone yote mawili saa moja asubuhi. Kabla ya kusalimiana weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, dalali amekutangulia kuliamsha. Mwambie utarudi kesho. Likiwa la baridi, chomoa kijiti cha oili, halafu liwashwe wewe ukiwa umesimama mbele. Mlio wa cheni ukizidi sekunde mbili tatu, au moshi wa bluu ukitoka nyuma, ondoka. Shika hozi ya chini ya rejeta, mbali na feni: ikikaa baridi dakika kadhaa kisha ikapata moto, thamostati ipo. Ikianza kupata joto polepole tangu mwanzo, imeng'olewa. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Raum ikipita hapo, ichukue. Katika ile milioni mbili na nusu weka thamostati halisi na kulanti (maji maalumu ya rejeta), oili ya injini na ya gia boksi, plagi nne, halafu uangalie shokapu za mbele, maana kwa namba D hizo kweli zitakuwa zimechoka. Hapo shemeji amepatia.