Jiko la presha la umeme litamaliza uniti zetu?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninaishi Mbagala, tuko watano nyumbani. Najitahidi kutunza mazingira: sokoni naenda na kikapu, maganda nafukia kwenye bustani. Mkaa ndio umenishinda. Nataka kununua jiko la presha la umeme, ila mume wangu anasema litamaliza LUKU. Tuko kwenye zile uniti za bei nafuu na kwa mwezi tunatumia kama 60. Anasema kweli?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kikapu ni kizuri, lakini mzigo mkubwa wa nyumba yenu kwa mazingira uko jikoni. Kwenye tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 8 hivi za kuni, mara nyingine zaidi. Kila sufuria ya maharage ina miti nyuma yake, na mimi hilo linaniuma.

Sasa hesabu ya shemeji. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima mfululizo linakula uniti 1. Hili haliwaki mfululizo. Presha ikishapanda linajikata, kisha linawaka kidogo kidogo ili joto lisishuke. Nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji inaiva kwa nusu uniti hivi. Kwa bei yenu, elfu moja inatoa uniti 8 na kidogo, kwa hiyo sufuria hiyo ni kama shilingi 60. Hata kwa anayepata uniti 2.8 kwa elfu moja, haifiki 200. Linganisha na mkaa unaouchoma kwa maharage hayohayo.

Jambo la kuangalia ni ule mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, maana ukiuvuka unaweza kuhamishiwa bei ya juu. Ukipika vya kuchemka muda mrefu mara 4 kwa wiki, utaongeza uniti 8 au 9 tu: mtafika kama 69. Friji likiongezeka, hesabu inabadilika.

Anza na maharage, makande, kwato na nyama ngumu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomaliza gunia la mkaa. Ugali na chapati jiko hili haliviwezi vizuri. Hapo tumia gesi ukiwa nayo. Jiko la mkaa lihifadhi kwa siku umeme ukikatika, na liwashie nje.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani. Zile ekstensheni za waya mwembamba zinapata moto; nimeshaona plagi imeyeyuka ikagandia soketi. Maharage yasizidi nusu ya sufuria, kwani povu na maganda hupanda yakaziba valvu. Kila baada ya kupika, chomoa ule mpira wa mfuniko uuoshe. Na yakiiva usilazimishe mfuniko: acha mvuke utoke wote, kile kipini kidogo kishuke chenyewe, ndipo ufungue.