Jibu: Kuunganisha seva na mtandao wa hifadhi kwa njia moja

Ndugu, umeuliza kama seva zako tatu zinaweza kuunganishwa na mtandao wa hifadhi (SAN, yaani mtandao unaozipa seva diski zilizo nje yake) kwa kebo moja moja ya faiba, bila programu ya kusimamia njia nyingi (multipath, inayotambua kuwa njia kadhaa zinafika kwenye diski ileile). Inawezekana, na seva zitafanya kazi, lakini kadi ya seva inayochomekwa kebo hiyo, kebo yenyewe, swichi au kidhibiti cha hifadhi kikiharibika, seva inapoteza diski zake papo hapo. Kwa seva ya majaribio ningekubali; kwa hifadhidata inayotegemewa na watu, hapana.

Jambo ninalokusihi ulizingatie zaidi ni hili: hakikisha njia ni moja kweli. Swichi ikiruhusu kadi ya seva kuona milango miwili ya hifadhi, mfumo endeshi usio na programu ya njia nyingi utaiona diski ileile kama diski mbili tofauti, kwa mfano sdb na sdc katika Linux, na ukiziandikia zote mbili data itaharibika. Kwa hiyo gawa kanda (makundi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) kwenye swichi ili kila kanda iwe na kadi moja ya seva na mlango mmoja tu wa hifadhi, na kila seva ikabidhiwe diski zake pekee.

Fahamu pia kwamba, kwa kuwa njia ni moja, kusasisha programu ya swichi kunaweza kukulazimu kuzima seva. Katika Linux, ningesakinisha programu ya njia nyingi tangu sasa na kuiweka isimamie hata diski yenye njia moja, kwa sababu njia ya pili ikiongezwa baadaye, jina la diski halitabadilika.